Hatari isiyoonekana yahitaji macho ya wasomi

Mtoto akianguka kutoka mwembeni kule Makueni na kuumia mkono, mzazi humkimbiza hospitali ya rufaa mjini Wote, na daktari huagiza eksirei. Huko Kitui mambo ni yayo hayo. Mama huombwa angoje nje, mlango hufungwa, na baada ya muda mfupi picha ya mfupa huwa tayari.

Je, ni wazazi wangapi hujiuliza kwa nini mlango ulifungwa?

Miale ya eksirei haionekani, hainuki wala haiumi ipenyapo mwilini. Ikitumiwa kwa kipimo huokoa maisha. Ikizidi yaweza kuleta saratani. Ndiyo sababu mhudumu wa chumba hicho huvaa kifuani kifaa kidogo cha kupima miale. Kiwango cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Kwa raia wa kawaida ni 1 tu, mbali na matibabu.

Ajali moja yatosha kutufunza. Mwaka wa 1987, mjini Goiânia nchini Brazil, waokota vyuma walichukua mtambo wa kutibu saratani uliotelekezwa katika zahanati, wakauza vipande vyake kwa mfanyabiashara wa vyuma vikuukuu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa gizani. Watu waliugawana, hata watoto wakauchezea. Wanne walifariki, akiwemo msichana wa miaka 6, na jumla ya watu 249 wakapatikana na uchafu wa miale.

Siri ilifichuka wakati mtaalamu mmoja wa fizikia alipoazima kifaa cha kupimia na kwenda kuchunguza. Mtu mmoja aliyesoma! Angalikosekana, unga huo ungaliendelea kuzagaa.

Biashara ya vyuma vikuukuu tunaijua vyema, na miale haitumiki hospitalini peke yake. Wajenzi wa barabara wana vifaa vya miale vya kupimia ushikamano wa udongo. Isitoshe, serikali inapanga kuzalisha umeme wa nyuklia, mpango ambao wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliupinga kwa maandamano mwaka wa 2024.

Sheria ya kwanza ya kuwakinga Wakenya na miale ilipitishwa mwaka wa 1982. Ile ya 2019 ilileta Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyo mbali na wakala wa serikali unaoendeleza mpango wa umeme huo. Hilo ni jambo jema, kwani fundi hafai kujikagua mwenyewe. Lakini mkaguzi hapatikani kwa kuandikwa katika sheria. Huhitaji miaka minne hivi ya shahada, kisha masomo ya juu, kama yale ya Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, halafu miaka ya kujifunza kazini chini ya mzoefu. Wakenya wengine wametumwa Korea Kusini.

Safari hiyo huanzia darasani, katika fizikia, somo ambalo wanafunzi wengi, hasa wasichana, hulikimbia. Mzazi, mwanao akilipenda usimvunje moyo. Huenda siku moja yeye ndiye atakayeshika kifaa, abishe mlango na kusema: hapa si salama, tokeni.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.