Si Jini, ni Jeni

Mtoto ashikwa na homa ghafla. Tumbo lakaza kama ubao, magoti yavimba, alia usiku kucha. Siku ya tatu homa yatoka yenyewe, mtoto aamka acheza. Wiki chache baadaye yarudi vile vile. Hapa kwetu Pwani najua yatakayosemwa: ana jini huyo, apungwe.

Maradhi haya yapo, msomaji, ila makao yake khasa ni mwambao wa Bahari ya Kati, kwa Waarabu, Waturuki, Waarmenia na Mayahudi. Wengine wamepasuliwa bure, daktari akidhani ni kidole tumbo. Yakiachwa miaka mingi huweza kuua figo.

Mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti yalilifumbua fumbo hili kwa pamoja. Waliiona jeni, yaani ile amri ya urithi tuipatayo kwa baba na mama, imepotoka herufi. Jeni hiyo huunda mlinzi wa mwili. Ikipotoka, mlinzi hupiga mbiu na hali mwizi hayupo, mwili ukajiwasha moto wenyewe. Kundi moja lilimwita mlinzi huyo pirini, kwa neno la Kiyunani la moto. Wafaransa wakamwita marenostrini, kwa Kilatini cha “bahari yetu”. Mimi mtu wa mashairi nalipenda la pili, lakini lililoshika ni la kwanza.

Kwa kawaida huugua aliyerithi kasoro kwa wazazi wote wawili. Aliyerithi kwa mmoja aghalabu huwa mzima, na katika jamii nyingine za huko wa namna hiyo hufika hata mmoja katika watano. Mbona wengi hivyo?

Jawabu laelekea kwenye tauni. Ibn Battuta, yule aliyepita Mombasa mwaka 1331, alikuwako Damascus mwaka 1348 tauni ikimaliza watu. Kasoro hii ni kongwe kuliko tauni ile. Na mwaka 2020 watafiti huko Bethesda, Marekani, walionyesha kuwa kijidudu cha tauni humnyamazisha pirini aliye sawa, aliyepotoka hanyamaziki. Panya waliotiwa jeni iliyopotoka waliihimili tauni kuliko wenzao. Basi yamkini homa ya mtoto yule ni silaha iliyowaokoa babu zake.

Dawa nayo ni ya kale: kolchisini, itokayo katika mmea wa suranjani, ambao matabibu wa Kiarabu waliutumia kwa jongo. Tangu 1972 yajulikana huzuia homa hii. Humezwa kila siku, hata siku mtoto achezapo, na figo zikasalimika.