Juu ya Kuandika Nyimbo kwa Ordinatere: Namna ya Kuacha Programu Moja na Kushika Nyingine

Mara nyingi waalimu wa korale na waseminari wanatuuliza swali hili: «Nimezoea programu fulani ya kuandika nyimbo. Sasa wananiambia niiache, nishike nyingine. Je, inafaa? Na nyimbo zangu za zamani zitakuwa namna gani?» Wengine wanalizarau swali hili, wakisema ni jambo la watu wanaopenda mashine. Sisi tunaona ni swali kubwa, kwani mali ya korale zetu imo ndani yake. Basi tulieleze kwa utaratibu.

I. Hasara iliyotufungua macho

Tulimfahamu mwalimu mmoja wa korale hapa kwetu Bunia. Alikuwa mtungaji hodari, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao. Nyimbo zake za kwanza aliziandika kwa kalamu katika madaftari. Katika vita ya mwaka 2003 alikimbia pamoja na watoto wake. Madaftari yakabaki nyumbani, naye hakuyaona tena. Amani iliporudi kidogo alipata ordinatere, akajifunza programu moja, akaandika tena kila wimbo aliokumbuka, kisha akatunga nyingine mpya. Siku moja alituambia kwa furaha: «Sasa hata nyumba ikiungua, nyimbo zangu ninazo shingoni.» Alikuwa anasema juu ya flashi yake ndogo, aliyoivaa pamoja na rozari.

Alipofariki, jamaa zake walituletea ile flashi, maana korale ilitaka kuimba nyimbo zake katika Misa ya kumkumbuka. Tulihesabu fishie 62. (Fishie ni andiko moja linalotunzwa ndani ya ordinatere.) Tukajaribu kufungua ya kwanza, ya pili, ya kumi. Haikufunguka hata moja. Programu aliyoitumia haikuwamo katika mashine zetu, na programu tuliyokuwa nayo haikuelewa maandiko yake. Nyimbo zilikuwa pale mbele yetu, sawasawa na mtama katika gala isiyo na mlango.

Yule mwalimu alijua kujikinga na moto. Hatari ya pili hakuna mtu aliyemwonya juu yake, wala sisi.

II. Noti ni kitu kimoja, programu ni kitu kingine

Karibu miaka elfu iliyopita, mtawa Guido wa Arezzo, katika nchi ya Italia, alipanga noti juu ya mistari na kuwafundisha waimbaji majina ya ut, re, mi, fa, sol, la. Tangu siku zile mpaka leo, mtu aliyejifunza kusoma noti anaweza kuimba wimbo ambao hajausikia hata mara moja. Anahitaji karatasi, macho na mwanga, basi.

Programu ni kalamu tu. Lakini ni kalamu ya ginsi ya pekee, kwa sababu haiandiki kwa mwandiko wa wote. Kila programu inatunza wimbo kwa lugha yake ya ndani, ambayo mara nyingi yeye peke yake anaielewa vizuri. Kwa hiyo, mtu anayetunza wimbo ndani ya programu bila kuutoa nje kwa namna nyingine, ameuweka wimbo wake chini ya ulinzi wa ile programu. Programu ikiishi, wimbo unaishi. Programu ikifa, wimbo una hatari ya kufa nayo.

III. Je, programu zinakufa kweli?

Ndiyo, hata zile kubwa. Mfano wa karibu ni Finale. Programu hiyo ilizaliwa Marekani mwaka 1988, ikatumiwa na watungaji na wachapaji wa noti katika dunia nzima. Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni yake, MakeMusic, ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena, baada ya miaka 35. Waliokuwa nayo waliachiwa waendelee kuitumia katika mashine zao, na wakapewa nafasi ya kununua programu nyingine, Dorico, kwa dola 149. Lakini kila mmoja anafahamu kwamba mashine inazeeka. Na siku ordinatere mpya itakapokataa programu isiyotengenezwa tena, mlango utafungwa.

Sibelius nayo ina habari yake. Ilianza kuuzwa mwaka 1993 katika Uingereza, kazi ya ndugu mapacha, Ben na Jonathan Finn. Mwaka 2006 ilinunuliwa na kampuni Avid ya Marekani. Mwaka 2012 nyumba yake ya London ilifungwa. Wengi wa mafundi wake wakaenda kwa Steinberg, kampuni ya Ujerumani, na huko wakatengeneza Dorico, iliyotoka mwaka 2016. Sibelius yenyewe haikufa, lakini waliokuwa wanaitegemea waliona wasiwasi.

Tena iko MuseScore. Mjerumani Werner Schweer aliianza mwaka 2002, na tangu mwanzo ilitolewa bure. Bure hapa maana yake si kuiba. Ni ruhusa kamili: unaweza kuitia katika mashine yako, kumpa mwenzako, hata kuitia katika mashine zote za seminari, na hakuna atakayekudai feza. Ukisha kuipata, haihitaji intaneti kila siku. Iko nayo ile LilyPond, ya bure vilevile, iliyoanza mwaka 1996. Lakini hiyo unaiandikia kwa maneno na herufi, na wengi wanaiona ngumu.

Hapa tuseme neno moja bila kuficha. Wako wanaoibiana programu za bei, wakipitisha nakala kutoka flashi hadi flashi. Mtu anayeimba sifa za Mungu kwa noti zilizoandikwa na programu ya kuibwa, ajiulize mwenyewe. Zaidi ya hayo nakala kama zile huleta magonjwa ya ordinatere, na siku moja zinakataa kufunguka. Kwa parokia zetu maskini, njia nyoofu ndiyo ya bei ndogo kushinda zote.

Onyo dogo: programu yenyewe inapatikana katika musescore.org. Iko fasi nyingine yenye jina karibu sawa, musescore.com, ambako watu wanatoleana nyimbo, na mambo mengi ya pale yanalipiwa. Wengi wamekosea mlango, wakasema MuseScore si ya bure. Na mwenye ordinatere ya zamani, akiona MuseScore 4 inakwenda polepole, achukue ile ya 3.6.2, inatosha kabisa kwa korale ya sauti nne.

IV. Shida iko katika vidole

Anayebadilisha programu anafikiri amesahau muziki. Hapana. Mama aliyejua kupika hajifunzi tena kupika akinunua chungu kipya. Anajifunza tu chungu kile kinashika moto namna gani. Ni vidole vinavyokosea, si akili.

Tutoe mfano. Noti nyeusi ya pigo moja, katika Finale na katika MuseScore unaiita kwa tarakimu 5. Katika Sibelius ni 4. Katika Dorico ni 6. Basi mtu wa Sibelius akiingia MuseScore na kubonyeza 4, kwa mazoea yake, anapata noti ya nusu pigo, na wimbo wote unakimbia mara mbili. Anakasirika na kusema programu ni mbaya. Kumbe ni desturi tu, sawasawa na mtu aliyehama nyumba anayetafuta mlango gizani upande usio wake.

Sisi Wakongomani tuna shida mbili za ziada. Ya kwanza: shuleni tulifundishwa do, re, mi, lakini programu zinataka herufi. Mtu aandike hii katika karatasi, aibandike karibu na mashine: do ni C, re ni D, mi ni E, fa ni F, sol ni G, la ni A, si ni B. Baada ya majuma mawili ataitoa ile karatasi. Ya pili: mashine zetu nyingi zina herufi zilizopangwa kwa desturi ya Kifaransa, na tarakimu za mstari wa juu hazitoki bila kubonyeza kitufe cha herufi kubwa. Afazali kutumia tarakimu za upande wa kuume, kama mashine inazo.

Namna ya kujifunza ni hii. Usianze na wimbo mpya unaoutunga, maana utapigana na mambo mawili kwa mara moja. Chagua wimbo mmoja mfupi ambao korale inaujua kwa moyo, wenye sauti nne. Uandike wote kutoka mwanzo: kwanza sauti ya juu, kisha maneno, kisha sauti tatu nyingine. Kesho yake ufute, uandike tena. Siku ya tatu utashangaa. Waseminari wetu waliofuata njia hii, saa moja kila jioni wakati umeme uko, waliandika bila kuulizauliza baada ya juma la pili.

V. Namna ya kuhamisha nyimbo za zamani

Kwa bahati njema iko lugha moja ambayo karibu programu zote za noti zinaielewa. Jina lake ni MusicXML. Mmarekani Michael Good aliitengeneza, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2004. Tangu 2015 inaangaliwa na kundi la watu katika W3C, shirika linalopanga kanuni za intaneti. Kwa hiyo si siri ya kampuni moja.

Kazi inakwenda hivi. Fungua wimbo katika programu ya zamani, wakati ingali hai. Tafuta neno la kutoa nje, ambalo katika Kifaransa ni Exporter, uchague MusicXML. Utapata fishie mpya. Ifungue katika programu mpya, uitazame vizuri, kisha uitunze.

Tunasema uitazame vizuri, kwa sababu si vyote vinavyovuka mto vikiwa vikavu. Noti zenyewe, urefu wake, ufunguo na maneno kwa kawaida vinafika salama. Mpango wa ukurasa unavurugika: mistari inakatika pasipofaa, maandishi yanapandana. Hilo si kitu, linatengenezeka. Lakini angalia mambo matatu. Kwanza, pale sauti mbili zinapokaa juu ya mistari mitano ile ile, hakikisha hazikubadilishana. Pili, alama za kurudia: korale inaweza kuimba beti moja mara tatu bila kujua kwa nini. Tatu, silabi za Kiswahili. Neno «mtu» lina silabi mbili, m-tu. Neno «Bwana» lina mbili, Bwa-na. Silabi moja ikiteleza kwenye noti ya pili, sentensi nzima inateleza nyuma yake.

Watu wengine wanatunza nyimbo kwa MIDI tu. MIDI inatunza sauti, yaani noti gani ipigwe na kwa muda gani. Haikupangwa kwa ajili ya mwandiko mzuri wa noti. Ni afazali kuliko kukosa vyote, lakini usiitegemee peke yake.

VI. Mambo ya kushika

Basi tujibu swali la mwanzo. Kama programu yako inaendelea vizuri na umeipata kwa haki, hakuna anayekulazimisha kuiacha leo. Lakini leo hii unapashwa kutoa nyimbo zako nje yake. Kila wimbo utunzwe kwa namna nne: fishie ya programu yenyewe, MusicXML, kusudi programu nyingine iweze kuufungua na kuutengeneza, PDF, kusudi yeyote aweze kuusoma na kuuchapa, na karatasi, kwa sababu karatasi haiombi umeme. Tena vitu hivyo visikae katika nyumba moja. Nakala ibaki parokiani, nyingine iende kwa rafiki wa mbali, Aru au Mahagi. Sisi watu wa Ituri hatuhitaji kufundishwa kwa nini.

Na zile nyimbo 62? Tulitafuta muda mrefu. Mwishowe padri mmoja mwenzetu, wa parokia nyingine, alikumbuka mashine ya zamani iliyolala kabatini, nayo ilikuwa na ile programu. Tuliwasha mashine ile kwa hofu. Nyimbo 57 zilifunguka. Tukazitoa zote kwa MusicXML siku ile ile, bila kungojea kesho. Fishie tano zilikuwa zimeharibika. Nyimbo mbili kati ya hizo, wamama wa korale walizikumbuka, wakatuimbia sauti moja moja, nasi tukaziandika. Tatu zimepotea. Majina yake tunayasoma katika orodha ya mwalimu. Sauti zake hakuna anayezijua.

Wewe unayesoma, pengine unaye mtungaji mzee katika parokia yako. Usingojee jamaa zake wakuletee flashi. Nenda kwake juma hili, mketi pamoja mbele ya mashine yake, mfungue wimbo mmoja, mwutoe nje, mwuchape. Kesho mfungue wa pili.