Prosesa na Jukwaa: Mashindano ya Kompyuta za Mezani tangu 1981

1. Utangulizi

Mtu anayetaka kununua kompyuta ya mezani huuliza kwanza ni ipi yenye nguvu zaidi. Muuzaji humjibu kwa tarakimu: mapigo ya saa, ukubwa wa kumbukumbu, jina la prosesa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, ingawa ni la haki, silo linalopaswa kutangulia. Historia ya mashindano kati ya kompyuta za aina ya IBM PC na zile za Macintosh inafundisha kwamba prosesa hubadilika, pengine hubadilishwa kabisa, ilhali kinachomfunga mtumiaji, kikamfaa au kikampotezea kazi yake, ni jukwaa zima. Kwa idara ya lugha, ambayo mali yake ni maandishi, tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Yafaa kufafanua istilahi hizo mbili. Prosesa ni chipu inayotekeleza amri za programu. Kila jamii ya prosesa ina orodha yake ya amri, iitwayo lugha ya mashine. Programu iliyotungwa kwa lugha ya prosesa moja haieleweki kwa prosesa ya jamii nyingine. Jukwaa ni jumla ya makubaliano yanayoiwezesha programu kufanya kazi: prosesa yenyewe, mfumo wa uendeshaji, muundo wa diski, vifaa vinavyounganishwa, na namna herufi zinavyohifadhiwa. Hivyo basi, prosesa ni sehemu moja tu ya jukwaa.

2. Prosesa mbili za mwanzo

Kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya PC tarehe 12 Agosti 1981. Prosesa yake ilikuwa Intel 8088, yenye transista 29,000 hivi na saa ya megahezi 4.77. Kwa ndani iliweza kushughulikia biti 16 kwa pamoja, lakini njia yake ya kuwasiliana na kumbukumbu ilipitisha biti 8 tu kwa mara moja. Upungufu huo ulikuwa wa makusudi, kwa sababu vifaa vya biti 8 vilikuwa vingi na vya bei nafuu. Kumbukumbu ambayo prosesa hiyo iliweza kuifikia haikuzidi megabaiti 1.

Macintosh ya Apple ilitokea tarehe 24 Januari 1984, kwa bei ya dola 2,495, ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Prosesa yake ilikuwa Motorola 68000, ya karibu megahezi 8. Hiyo ilikuwa na rejista 16 za biti 32, na iliweza kufikia megabaiti 16 za kumbukumbu. Kwa mtunzi wa programu, 68000 ilikuwa na mpangilio mpana na wa kueleweka zaidi kuliko 8088.

Zilitofautiana pia katika jambo ambalo mwanaisimu atalitambua mara moja, yaani mpangilio wa sehemu za namba kubwa. Motorola 68000 huanza na sehemu kubwa, kama Mswahili anavyosema "ishirini na tano". Prosesa za Intel huanza na sehemu ndogo, kama Mwarabu na Mjerumani wanavyotanguliza tano kisha ishirini. Hakuna utaratibu ulio bora kuliko mwingine. Lakini faili ya namba iliyohifadhiwa kwa utaratibu mmoja, ikisomwa kwa utaratibu wa pili bila kugeuzwa, hutoa namba zisizo na maana.

3. Prosesa moja, majukwaa matatu

Kama prosesa ingekuwa ndiyo jukwaa, kompyuta zote zenye prosesa moja zingeelewana. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1985 zilitokea Atari ST na Commodore Amiga, zote mbili zikiwa na 68000 ile ile ya Macintosh. Hata hivyo, programu ya Amiga haikufanya kazi kwenye Atari, wala ya Atari kwenye Macintosh, kwa kuwa kila moja ilikuwa na mfumo wake wa uendeshaji na vifaa vyake vya picha na sauti.

Kinyume chake, IBM ilikuwa imeunda PC kwa vipande vilivyopatikana sokoni. Mwishoni mwa 1982 kampuni ya Compaq ilitangaza kompyuta iliyoweza kuendesha programu zile zile za IBM, na kampuni nyingine zikafuata. Bei zikashuka, mafundi na vipuri vikaongezeka, watunzi wa programu wakaelekea penye wateja wengi. Kwa hiyo kuenea kwa PC hakukutokana na ubora wa 8088, bali na makubaliano ambayo watengenezaji wengi waliweza kushiriki.

Intel nayo ilitunza urithi huo. Prosesa yake ya 80386, iliyotokea 1985, ilikuwa ya biti 32, lakini iliendelea kuelewa amri za 8088. Ilipojaribu kuuacha ukoo huo mwaka 2001, kwa prosesa ya Itanium ya biti 64 yenye lugha mpya, soko halikuifuata. Mwaka 2003 kampuni shindani ya AMD ilitoa prosesa za biti 64 zilizoipanua lugha ya zamani badala ya kuitupa, na mwaka 2004 Intel yenyewe ikaifuata njia hiyo.

4. Jukwaa moja, prosesa za jamii nne

Apple ilipita njia nyingine. Mwaka 1994 iliiacha jamii ya 68000 na kuchukua PowerPC, iliyobuniwa kwa ushirikiano na IBM na Motorola. Mwaka 2006 ikahamia Intel. Mwezi wa Novemba 2020 ikaanza kutumia chipu yake yenyewe, M1, yenye transista bilioni 16 na lugha ya ARM, ukoo ulioanzia Cambridge, Uingereza, ambako kampuni ya Acorn ilitengeneza chipu ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1985.

Jukwaa liliwezaje kubaki ilhali lugha ya mashine imebadilika mara tatu? Jibu ni mkalimani. Kila mara Apple iliweka ndani ya mfumo programu ya kufasiri amri za prosesa ya zamani kwa lugha ya prosesa mpya. Ile ya 2006 iliitwa Rosetta, kwa ukumbusho wa jiwe la Misri lenye maandishi ya aina tatu. Lakini mkalimani ana gharama zake. Kwanza, kufasiri huchukua muda. Pili, siku moja mkalimani huondoka: mfumo wa Mac OS X 10.7, uliotolewa 2011, haukuwa tena na Rosetta. Aliyekuwa na programu ya PowerPC isiyotolewa upya alilazimika ama kubaki na mashine ya zamani, ama kuhamisha maandishi yake kabla njia haijafungwa.

5. Udanganyifu wa tarakimu

Kwa miaka mingi wingi wa megahezi ulichukuliwa kuwa kipimo cha ubora. Pigo la saa, hata hivyo, ni kama hatua ya mtembeaji: mwenye hatua nyingi fupi si lazima amtangulie mwenye hatua chache ndefu. Pentium 4, iliyotolewa Novemba 2000 ikiwa na gigahezi 1.4 na 1.5, iliigawa kazi ya kila amri katika vituo 20 ili saa iweze kwenda mbio. Matokeo yake ni kwamba katika kazi fulani ilishindwa na Pentium III ya gigahezi 1. Mwaka 2006 Intel iliuacha muundo huo na kutoa Core 2, yenye mapigo machache zaidi lakini kazi nyingi zaidi kwa kila pigo.

Kipimo kilichochukua nafasi yake ni kiasi cha kazi kwa kila wati ya umeme. Steve Jobs alikitaja mwaka 2005 alipoeleza sababu ya kuiacha PowerPC, ambayo toleo lake la G5 lilikuwa na joto kubwa mno kuwekwa katika kompyuta ya kubebeka ya Apple. Kipimo hicho ndicho pia kilichoipa M1 sifa yake. Pale ambapo umeme hukatika na kazi huendeshwa kwa betri au jenereta, kama ilivyo katika vyuo vingi vya Kongo, wati ni hesabu ya saa ambazo mwanafunzi ataweza kuandika.

6. Jambo la herufi

Hatari kubwa kwa mwandishi, hata hivyo, haikutoka katika prosesa. Kompyuta huhifadhi kila herufi kama namba. Kwa herufi za kawaida za Kilatini, A hadi Z, Macintosh na PC zilifuata jedwali moja. Kwa herufi zenye alama, kila jukwaa lilikuwa na lake. Herufi "é" ilikuwa namba 142 kwenye Macintosh, namba 130 katika jedwali la kwanza la IBM PC, na namba 233 katika Windows ya Ulaya Magharibi. Neno la Kifaransa "université", likiandikwa kwenye Macintosh na kufunguliwa katika PC yenye jedwali hilo la kwanza, liliishia kwa "Ä".

Kiswahili, ambacho hakihitaji alama juu ya herufi, kilivuka mpaka huo salama. Hata "ng'ombe" ilipita na kipashio chake. Tasnifu yenye Kifaransa na Kiswahili pamoja ingeweza basi kufika upande wa pili ikiwa na Kiswahili kizima na Kifaransa kilichoharibika. Lugha nyingine za Kongo zilipata taabu zaidi: herufi "ɔ" ya Kilingala haikuwamo katika jedwali lolote kati ya hayo matatu. Dawa ilikuwa Unicode, jedwali moja kwa lugha zote, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 na ambalo leo linatumiwa na majukwaa yote makubwa.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba prosesa moja inaweza kubeba majukwaa yasiyoelewana, na kwamba jukwaa moja linaweza kubadilisha prosesa bila kuwapoteza watumiaji wake. Anayechagua kompyuta kwa ajili ya idara ya lugha na aanze basi kwa maswali mengine. Ni programu zipi zitakazotumika? Ni nani mjini atakayeitengeneza mashine ikiharibika? Itakula umeme kiasi gani? Juu ya yote, maandishi yatahifadhiwa kwa muundo gani, na je, muundo huo unasomeka nje ya programu iliyouzaa? Tarakimu za prosesa zitafuata baadaye.

Masimulizi yaliyonukuliwa kutoka kinywani mwa mzee aliyekwisha kufariki hayawezi kukusanywa mara ya pili. Yakiwa yamelala katika diski ya jukwaa lililokufa, yahamishwe leo kwenye maandishi sahili ya Unicode, na nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, maadamu bado ipo mashine inayoweza kuyafungua.