Kiboko wa Buluu Aliyevunjwa Miguu

Katika nyumba ya makumbusho ya Metropolitan, New York, yumo kiboko mdogo wa buluu, mrefu wa sentimita 20, mwenye umri wa miaka 3,900 hivi. Wamisri wa kale hawakumfinyanga kwa udongo, bali kwa mchanga mweupe uliosagwa na kuchanganywa na magadi na chokaa; shaba ndiyo iliyompa rangi motoni. Mwilini amechorwa yungiyungi, ua lifungukalo kila asubuhi, alama ya uhai kurudi.

Wamisri walimheshimu kiboko, kwani Taweret, mlinzi wa wajawazito, alikuwa na umbo lake. Lakini wakulima walimwogopa, maana huharibu mashamba na kupindua mitumbwi. Kwa hiyo, wasema wataalamu, alipowekwa kaburini huko Meir alivunjwa miguu mitatu makusudi, asije akamdhuru marehemu aliyepaswa kumlinda.