Kutoka Alimbongo mpaka Guangzhou: vitu vidogo vyenye kuharibu safari ya China

Wandugu wenzangu wa lisansi, na nyinyi ambao muko bado mu masomo, kila mwaka kuna vijana wa Butembo, Beni na Lubero wanapanda ndege ya China. Wamoja wamepata bursi, wengine wanafuata mizigo ya baba ao ya shangazi. Wanatayarisha viza, makuta ya tiketi, karti ya chanjo ya homa ya manjano. Kisha wanafika, na chenye kuwaharibia safari si kitu kikubwa. Ni jina, ni kidole, ni stasio, ni karatasi moja ya polisi.

Miye ni agronome, mutoto wa Alimbongo, na sasa niko mwaka wa pili wa masomo mu jimbo la Shaanxi. Mu vakansi nasindikizaka baba mudogo ku masoko ya Guangzhou. Nataka kueleza kwa nini mikasa hiyo inatokea, juu kila moja iko na sababu yake. Na tusisahau kitu moja: safari ya mfanyabiashara wetu ikiharibika, haumii peke yake. Mara nyingi makuta ni ya familia nzima. Watu wa Butembo walizoea zamani Dubai, Hong Kong, Bangkok na Jakarta, kisha wakageukia Guangzhou, mu kartie za Xiaobei na Sanyuanli. Kontena inapita baharini mpaka Mombasa, inapanda Uganda, inaingia ku Kasindi. Kosa dogo la ku mwanzo wa njia ndefu sawa hiyo linakuja kulipwa ku mwisho.

Jina na namba

Siye Wakongomani tuko na jina, postnom na jina la ubatizo. Postnom ilikuja mu wakati wa Mobutu, mu 1972, na ikabaki. Kompyuta za China zinaomba vitu viwili tu: jina la ukoo na jina la mtu. Mfanyakazi mmoja ataweka postnom upande wa ukoo, mwengine ataiweka upande wa pili, na kesho tiketi yako haifanane na pasipoti. Dawa ni kufuata mistari miwili ya chini ku ukurasa wa picha mu pasipoti, ile yenye alama <<<. Mashine inasoma hapo, na wewe uandike sawa vile iko hapo, mu mupango uleule.

Tena kwa Wanande majina yanafuata kuzaliwa: mutoto mwanaume wa pili ni Kambale, binti wa kwanza ni Masika. Fikiri sasa depo moja yenye kupokea katoni za watu wa Butembo. Kambale wako wangapi mule? Mwaka jana depo moja ilitoa katoni mbili za baba mudogo kwa Kambale mwengine kabisa, naye akazipakia kwa roho safi. Tulizipata kisha wiki tatu.

Wachina wenyewe wanajua shida hiyo. Wang, Li na Zhang ni majina ya mamilioni ya watu. Njo maana kila mwenyeji iko na namba ya kitambulisho yenye tarakimu 18, na karibu kila kitu kinafuata namba ile kuliko jina. Kwa mgeni, namba ya pasipoti njo inachukua nafasi hiyo: sim ya telefone, benki, tiketi ya treni, vyote vinafungwa ku namba moja. Ukipata pasipoti mpya, namba inabadilika, na vyote vile vinaweza kukukataa mpaka upite kila ofisi kuvirekebisha. Kwa hiyo ukiona pasipoti inakaribia kuisha, ibadilishe mbele ya kutoka kwetu. Na ku katoni usitegemee jina: weka alama yako mwenyewe na namba ya telefone.

Vidole, sauti na vipimo

Ku soko, muuzaji anakuonesha kidole gumba na cha shahada. Kwetu hiyo ni mbili. Kule ni nane. Wachina wanahesabu kwa mkono moja tu mpaka kumi: gumba na kidole cha mwisho ni sita, gumba na shahada ni nane. Mwenye anadhani amepatana kwa yuani mbili atashangaa akisikia nane, na muuzaji ataona kama yeye njo mwenye kubadilisha maneno. Ugomvi unazaliwa hapo, na hakuna mtu alisema uongo. Kwa hiyo kila bei iandikwe ku mashine ya kuhesabia, hata kama mumekwisha kusikilizana.

Upande wa sauti, tuko na bahati kidogo. Kichina kinabadilisha maana ya neno kwa kupandisha na kushusha sauti: mai ya kushuka kisha kupanda ni kununua, mai ya kuanguka ni kuuza. Mtu mwenye kujua Kiswahili na Kifaransa peke yake anateseka, juu lugha hizo hazitumie sauti namna hiyo. Lakini Kinande kinatumia sauti za juu na za chini mu maneno. Masikio yetu yalikwisha kufundishwa na mama zetu. Shida ni kwamba tunapoanza Kichina tunasahau masikio hayo, tunasoma herufi za Kizungu ku kitabu kama vile Kifaransa.

Vipimo navyo viko na mutego. Bei ya mboga na matunda ku soko inatajwa kwa jin, na jin moja ni nusu kilo. Mwenye anadhani ni kilo atafurahia bei, kisha atalipa mara mbili. Na kwa siye watu wa kilimo, kuna mu. Hapana mu yetu ya "mu nyumba". Ni kipimo cha shamba: mu 15 zinafanya hektare moja, ni kusema mu moja ni karibu metre za mraba 667. Mkulima akikuambia anavuna kilo 2,000 za viazi ku mu moja, usicheke kama ni kidogo. Zidisha mara 15: ni tani 30 ku hektare. Ukikosa hesabu hiyo, utarudi Lubero na ripoti ya uongo, hata kama kila neno ulilisikia vizuri.

Stasio ni nyingi, jina ni moja

Miji mikubwa ya China haiko na stasio moja ya treni. Guangzhou iko na Guangzhou yenyewe, iko na Guangzhou Nan, na Guangzhou Dong, na zingine tena. Nan ile iko mbali na katikati ya mji. Ukimwambia mtu wa taksi "Guangzhou, treni", atakupeleka ku moja, na tiketi yako ni ya nyingine. Maneno mane yanatosha kukuokoa: bei ni kaskazini, nan ni kusini, dong ni mashariki, xi ni magharibi. Ukiyashika, hata ramani ya inchi inaanza kusema. Beijing ni mji mkuu wa kaskazini, Nanjing ni wa kusini. Guangdong iko mashariki, Guangxi magharibi. Xiaobei ya Wakongomani ni "kaskazini ndogo".

Kitu kingine: ku treni za mbio, milango ya otomatiki ilitengenezwa kwanza kwa karti ya wenyeji. Mwenye pasipoti mara nyingi anapita ku mulango wenye mfanyakazi. Na milango inafungwa dakika chache mbele ya treni kuondoka. Kwetu, gari ya Butembo inangojea mpaka ijae. Kule treni haijui kama uko mu mulolongo.

Makuta na rezo

Kwetu dola yenye kupasuka kidogo inakataliwa, lakini franga yenye kuchakaa inapita. Kule, dola ku duka haina kazi, hata ikiwa mpya. Watu wanalipa kwa telefone: unapiga picha ya mraba wenye vidoti, makuta yanaenda. Siye hatushangai sana, juu M-Pesa ilifika Kongo mu 2012. Tofauti ni hii: M-Pesa inafuata namba ya telefone na inafanya kazi hata ku telefone ya bei ndogo. Alipay na WeChat zinahitaji intaneti, telefone ya akili, na karti ya benki. Bateri ikikufa, uko maskini. Karti za benki za inje zinakubaliwa mu programu hizo, lakini ziunge na kuzijaribu mbele ya safari, juu benki yako inaweza kukutumia kodi ya uhakikisho ku sim ya Kongo, ambayo kule inaweza kukosa rezo. Tembea na noti za yuani pia. Sheria inakataza muuzaji kuzikataa, hata kama chenji itakawia.

WhatsApp, Facebook na Google zimefungwa kule. Mama atakungojea ku WhatsApp na atadhani umepotea. Mupange naye mbele ya kuondoka mutapita njia gani. Mujue pia kwamba saa yao inatangulia ya kwetu kwa masaa sita: saa sita ya mchana Alimbongo ni jioni kule. China ni kubwa mara ine kuliko Kongo, lakini inchi nzima inafuata saa ya Beijing, na siye tuko na saa mbili, ya Kinshasa na ya mashariki.

Kwa agronome kuna neno moja zaidi. Ramani za China zinasukumwa kidogo kwa sheria: nukta unayopima kwa GPS ya kawaida, ukiiweka ku ramani yao, inaweza kuanguka mamia ya metre mbali. Mashine yako haijaharibika. Ramani njo imehamishwa. Kwa kutafuta njia tumia ramani za kwao, na kwa kupima shamba baki na GPS yako, usichanganye hizo mbili.

Karatasi ya polisi

Hii njo yenye kuuma zaidi. Ukilala ku hoteli, hoteli inakuandikisha ku polisi. Ukilala kwa ndugu, ni juu yako na mwenyeji wako kwenda polisi mu masaa 24. Sisi tumelelewa kwamba mgeni wa ndugu anaingia, anakula, analala, na hakuna serkali inauliza. Kule sheria ya 2013 inauliza, na faini inaweza kufika yuani 2,000. Kupitisha siku za viza ni mbaya zaidi: yuani 500 kwa kila siku, mpaka 10,000, ao kufungwa siku 5 mpaka 15. Mwanafunzi mwenye viza ya X1 iko na siku 30 tangu aingie, aombe kibali cha kukaa. Hizo siku 30 zinapita mbio, juu kuna vipimo vya hospitali na karatasi za chuo.

Viazi mu sahani

Nimalize na chakula, juu hapo pia kuna watu wanalala njaa bure. Siye wa milima ya Lubero tunakula viazi kama chakula chenyewe. China ni ya kwanza ku dunia kwa kulima viazi, zaidi ya tani milioni 90 mu 2021. Lakini ku restora, viazi vinakatwa kama nyuzi, vinapitishwa ku moto mukali kidogo tu, vinatiwa siki, na vinawekwa juu ya muchele. Kule kiazi ni mboga. Mwenzangu mmoja aliagiza viazi peke yake, akangojea sahani ya kushibisha, akaletewa kitu chenye kulia mu meno kama karoti. Hawakumuonea: mu akili ya mpishi, mtu ameomba mboga bila chakula. Mu 2015 serkali ilianza kusukuma viazi viwe chakula cha ine kisha muchele, ngano na mahindi, lakini kubadilisha sahani ya watu kunakawia kuliko kubadilisha mbegu. Agronome wa Alimbongo anaweza kusikia neno hilo vizuri.

Kwa hiyo, mwenye anajitayarisha, mbele ya kununua valizi mpya afanye kazi ya siku moja: aandike jina lake sawa vile pasipoti inasema, ajifunze vidole kumi na pande ine, ajaribu malipo ku telefone, na aulize mwenyeji wake polisi ya kartie iko wapi. Hayo yote hayaombe makuta.