Bure ya Canva si bure ya Photopea

Muuza vitenge wa Kariakoo anayewatumia wateja picha kwa WhatsApp hana haja ya kununua programu ya kuhariri picha. Canva, Pixlr, remove.bg na Photopea zote zinamfungulia mlango bila kumdai senti. Tofauti huonekana anapotaka kutoka na picha yake.

Chukua remove.bg, iliyoanza Vienna mwaka 2018 na kununuliwa na Canva mwaka 2021. Kazi yake ni moja: kufuta mandhari ya nyuma, na huimaliza kwa sekunde chache. Lakini anayepakua bure hupewa picha ya pikseli 250,000 tu, tuseme 625 kwa 400. Kwenye simu inapendeza. Ukiichapisha kwa pikseli 300 kwa inchi, kama wachapaji wanavyotaka, upana wake ni sentimita 5 na kidogo. Hiyo inatosha lebo ya chupa ya pilipili. Bango la duka halitoki hapo.

Canva, iliyozinduliwa Australia mwaka 2013, ndiyo rahisi kuliko zote. Kadi ya mchango wa harusi inakamilika kwenye simu, kwa violezo vilivyokwisha kupangwa. Ila kufuta mandhari, au kuhifadhi nembo isiyo na rangi nyuma yake, ni kwa wanaolipia. Pixlr, ya tangu 2008, nayo huwahesabia watumiaji wa bure picha wanazohifadhi kwa siku.

Photopea ndiyo iliyonishangaza. Ivan Kutskir aliitoa mwaka 2013, na kwa miaka mingi ameiendesha karibu peke yake kwa mapato ya matangazo. Inafungua mafaili ya Photoshop, inahifadhi picha kwa ukubwa wake wote, na nembo isiyo na mandhari haitozwi. Zaidi ya hayo, kazi yote hufanyika ndani ya kompyuta yako: picha ya mteja haipandishwi kwenye seva ya mtu, na bando haliishi kwa kupakia. Ugumu wake ni menyu nyingi, ambazo kwenye kioo cha simu zinachosha.

Kwa hiyo mwenye simu pekee aanze na Canva. Mwenye steshenari na kompyuta, hata ya zamani, atenge wiki mbili za kujifunza Photopea kabla ya kulipia chochote.