Injinia wa Nini Sasa?

Nilipokuwa na mwaka wa tano wodini, hapa Marekani, walikuja vijana watatu wa chuo kikuu na saa za kupimia sekunde. Walitufuata wauguzi kila tulipokwenda: kabatini, kwa mgonjwa, kwenye kompyuta, kisha kabatini tena. Nilikasirika. Nilimwambia mwenzangu Mkenya, "Leo tunapimwa kama punda wa mizigo." Nilidhani anatafutwa wa kupunguzwa kazi.

Wiki chache baadaye kabati la dripu, lililokuwa mwisho wa korido, lilihamishiwa katikati ya vyumba. Basi. Hakufukuzwa mtu, na miguu yangu iliijua tofauti usiku uleule.

Wale walikuwa wanafunzi wa uhandisi wa viwanda na mifumo. Niliwakumbuka miaka miwili baadaye, mdogo wangu, tuliyemleta huku kusomea uhandisi wa mitambo, aliponipigia kusema anataka kuhamia fani hiyo. Baba yetu, karani mstaafu wa bandari ya Tanga, alikataa katakata. "Injinia wa nini sasa? Injinia anajenga daraja au anatengeneza injini. Huyu atatengeneza nini?" Sehemu ya ada nilikuwa naitoa mimi, kwa zamu za usiku, kwa hiyo shauri likaangukia kwangu.

Nilimjibu Baba kwamba atatengeneza mpangilio: watu, mashine, vifaa na muda vikutane bila kupotezana. Na fani hii ina undugu na uuguzi. Mwanzoni mwa karne iliyopita Frank Gilbreth aliwapiga filamu madaktari wa upasuaji, akaona muda mwingi unakwisha wakitafuta vyombo. Akashauri awepo msaidizi wa kumkabidhi daktari chombo mkononi. Mkewe Lillian, mwanasaikolojia na mama wa watoto 12, aliendeleza kazi hiyo mumewe alipofariki mwaka 1924, na mwaka 1935 akawa profesa Purdue.

Kinachonivutia zaidi ni hesabu ya foleni. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni fupi: idadi ya waliomo ndani ni wanaoingia kwa saa, mara saa anazokaa kila mmoja. Idara ya dharura ikipokea wagonjwa 6 kwa saa, na kila mmoja akikaa saa 4, kwa wastani wamo 24. Una vitanda 20? Wanne wako koridoni, na kumgombeza muuguzi hakuwapatii kitanda. Zile saa 4 zikipungua kuwa 3, wanabaki 18.

Wapo wanaoiita fani nyepesi. Wasikudanganye. Ndani yake kuna kalkulasi, aljebra, uwezekano, takwimu na kuandika programu za kompyuta. Mdogo wangu alifeli takwimu muhula wa kwanza baada ya kuhama, akanificha wiki tatu. Kurudia somo ni ada nyingine. Nililipa, na sikulipa kimyakimya. Kilichomwokoa ni zile saa ambazo profesa hukaa ofisini kuwapokea wanafunzi. Alikuwa hajawahi kwenda hata mara moja. Sisi tumelelewa kuona kwamba kumgongea mwalimu mlango ni kumsumbua; huku asiyegonga ndiye anayesahauliwa.

Kama kijana wako anajaza fomu za Marekani, hakikisheni kozi ina ithibati ya ABET. Georgia Tech wana shule nzima ya fani hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Sultan Qaboos cha Oman vina idara za uhandisi wa mitambo na viwanda. Kwa mwenye visa ya mwanafunzi, sheria ilivyo sasa inamruhusu kuomba miezi 12 ya kufanya kazi baada ya masomo, na 24 ya nyongeza kwa fani za sayansi na uhandisi kama hii.

Na Baba? Mdogo wangu alimweleza kanuni ya Little kwa meli badala ya wagonjwa: ngapi zinafika kwa wiki, kila moja inakaa siku ngapi. Mzee alinyamaza, kisha tukamsikia akiagiza kalamu. Akaanza kutaja meli za katani za enzi zake, moja baada ya nyingine, na siku zilizongoja nje. Walibishana kwenye simu zaidi ya saa nzima, mimi nikalala.

Kwa majirani bado anasema mwanawe anasomea injini za meli.